Jinsi ya Kutambua Siku Zako za Kushika Mimba: Ute, Kipimo cha Mkojo na Joto la Mwili

Karibuni dada zangu, na kaka mnaotazama pamoja na wake zenu karibuni pia, somo hili ni lenu wote. Twende moja kwa moja.

Kwanza kalenda. Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile ambayo damu imetoka kweli, si yale matone ya kahawia ya jana yake. Andika tarehe. Hedhi ikirudi, hesabu siku zilizopita. Hilo halina ugumu.

Ila kuna jambo linaniuma hapa. Wengi wamekaririshwa kwamba yai hutoka siku ya 14, basi. Hiyo ni kwa mwenye mzunguko wa siku 28, na hata kwake si kila mwezi. Kyusaku Ogino, daktari wa Japani, alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba hesabu inaanzia nyuma: yai hutoka takriban siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 hupevusha yai karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 karibu na siku ya 10. Huyu wa 35 akikutana na mumewe siku ya 14 tu kisha akatulia, mwezi mzima umempita.

Maana yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanaume ndizo zenye subira: palipo na ute mzuri zinaweza kukaa hai hadi siku tano. Ndiyo maana siku za kushika mimba ni kama sita, yaani tano za kabla na ile ya yai lenyewe. Mbegu zitangulie, yai lizikute.

Tunaingia kwenye ute, na mimi hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, tena haina gharama. Nawa mikono. Kabla ya kukojoa, jifute na karatasi laini, angalia. Baada ya hedhi wengi huwa wakavu. Baadaye unakuja ute mzito unaonata, kisha mweupe na laini. Halafu siku moja karatasi inateleza yenyewe. Hapo uchukue kati ya kidole gumba na cha shahada, uachanishe polepole. Kwenye kisahani hiki nimeweka ute wa yai bichi, maana ndio unaofanana nao kabisa. Tazama, unavutika, unavu... umeponyoka. Ngoja nirudie, na kamera niishushe. Haya, sasa mnaona: mwangavu, unavutika bila kukatika. Ukiuona wa hivyo, hizo ndizo siku zako. Siku ya mwisho ya utelezi huu ndiyo iliyo karibu zaidi na yai kutoka, na baada yake ute unakuwa mzito au unakauka ghafla.

Usikague mara baada ya tendo la ndoa wala ukiwa na ashiki, yale majimaji yatakuchanganya. Na ute wenye harufu mbaya, wa kijani au unaowasha hauna uhusiano na yai. Hayo yanaweza kuwa maambukizi, nenda ukapimwe.

Kipimo cha mkojo, kile kinachotabiri yai kutoka. Kojoa kwenye kikombe safi, chovya mpaka alama ya mwisho, usiipite, kisha laza. Mchana ni wakati mzuri, na saa mbili kabla usinywe maji mengi. Sasa sogeeni hapa. Mwanga unapiga kwenye kioo, hamuoni kitu, nageuza... hapo. Mistari miwili, mmoja umekolea, mwingine hafifu. Hiki hakijakubali! Mstari hafifu si jibu. Kwenye kipimo cha mimba mstari hafifu unahesabika, hapa hauhesabiki, kwa sababu homoni ya LH, ile inayopanda kabla ya yai kutoka na ambayo kipimo hiki kinaitafuta, ipo mwilini siku zote. Tunasubiri mstari wa kipimo ukolee sawa na ule wa pembeni, au uuzidi. Narudia: hafifu si jibu, pima tena kesho. Na soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu kikishakauka mstari unaweza kujitokeza wenyewe. Ukikolea kweli, mara nyingi yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Wenye vifuko vingi kwenye ovari wawe waangalifu, LH yao inaweza kuwa juu siku nyingi na kipimo kikawadanganya.

Joto sasa. Kipimajoto kiwe kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta. Pima ukiamka tu, saa ileile kila siku, hujakaa wala hujaenda chooni. Yai likishatoka, joto hupanda kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5. Likikaa juu siku tatu mfululizo, yai limeshatoka. Limeshatoka! Mkisubiri joto lipande ndipo mkutane, mmechelewa. Joto linathibitisha yaliyopita, ute unakuambia yanayokuja. Homa, pombe au usingizi wa mang'amung'amu vyote vinalivuruga, kwa hiyo weka alama siku hizo.

Maumivu ya upande mmoja wa kinena wengine huyapata, wengine hawayapati kabisa. Sitegemei hayo, na matiti kujaa huja zaidi yai likishatoka.

Mnaotafuta mtoto: ute ukianza kulainika, kutaneni kila siku au siku moja mkiruka. Mnaotaka kuzuia mimba, video hii haiwatoshi. Mfundishwe ana kwa ana na mtaalamu wa uzazi wa mpango.

Mke akiwa chini ya miaka 35, mwaka ukipita bila mimba nendeni hospitali. Akiwa na 35 au zaidi, miezi sita inatosha. Hedhi ikipotea au ikija ovyo, msisubiri hata hiyo. Nendeni wote wawili, na kipimo cha mbegu za mume kifanyike mwanzoni, si baada ya mke kumaliza vipimo vyote peke yake.