Kadi ya Kliniki ya Seva

Asanteni, tukae. Nianze na kitu ambacho wazazi humu ndani wanakijua: kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi hampimi mtoto mara moja akamaliza. Kila mwezi anaweka nukta, na anachosoma ni ule mstari, kama unapanda, umelala au unashuka. Seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine kwenye mtandao, nayo inahitaji kadi yake, rekodi ya memori yake dakika kwa dakika, na leo nimekuja kuwaomba mkaianze.

Mimi nilijifunza kwa taabu. Kuna ofisi niliyokuwa nikiihudumia, seva ya Linux yenye memori ya GB 4. Kila baada ya siku tano au sita iliganda usiku wa manane. Ukiipigia ping, ile hodi ya mtandao ya kuuliza kama mashine ipo, inajibu, lakini kuingia huwezi. Tunaizima, tunaiwasha, kazi inaendelea. Miezi mitatu tulifanya hivyo, na kila tulipoizima tulifuta ushahidi kwa mikono yetu. Linaniuma mpaka leo, maana upande wa pili kulikuwa na watu wanaongoja mishahara.

Nikiingia baada ya kuiwasha, amri ya free inanionyesha memori tele. Ni sawa na kumpima mgonjwa homa baada ya kumwogesha maji baridi.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye cron, kipanga ratiba cha Linux, kila dakika, matokeo yaongezwe kwenye faili:

date; grep MemAvailable /proc/meminfo; ps -eo pid,stat,rss,wchan,args --sort=-rss | head -n 11

Shikeni hiyo MemAvailable, wala MemFree, memori iliyo tupu kabisa, isiwatishe. Linux haipendi memori ikae bure. Inayobaki huitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia programu zikiihitaji. MemAvailable iliingia kwenye keneli, kiini cha Linux, toleo la 3.14, mwaka 2014, ili tupate makadirio ya memori inayoweza kupatikana bila kugusa swapu, sehemu ya diski inayosaidia memori ikibana.

Baada ya wiki tukachora grafu. Safu ya rss, yaani memori inayoshikwa na kila mchakato (programu inayoendeshwa), ilikuwa inapanda ngazi kwa mchakato mmoja wa ripoti: kila usiku saa nane kidato kimoja, na haishuki. Programu ilikuwa ikiweka matokeo ya kila ripoti kwenye orodha isiyofutwa kamwe. Memori ikibana, keneli inahamishia kurasa, yaani vipande vya memori, kwenye swapu, inazirudisha, inazihamisha tena, diski inazidiwa na kila kitu kinasimama. Ping hujibiwa na keneli yenyewe, ndiyo maana ilitudanganya miezi yote ile.

Kwa hiyo someni umbo la mstari. Ngazi isiyoshuka, shuku memori inayovuja, yaani inayochukuliwa bila kurudishwa. Mstari ukipanda wima ghafla kama ukuta, tafuteni kwenye logi, faili la matukio ya seva, ombi lililokuja dakika ileile. Mara nyingi ni mtu aliyepakia jedwali zima kwa mkupuo.

Na kama mstari umelala, lakini mchakato umeganda? Hapo msiisingizie memori. Tazameni safu ya stat, yaani hali ya mchakato. Mkiona D dakika baada ya dakika, mchakato unangoja diski au mafaili yaliyo kwenye seva nyingine, na mara nyingi hata kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, haiugusi. Mkiona S, huenda unangoja kufuli ya hifadhidata au jibu la mtandao, na wchan itawaonyesha umelala wapi ndani ya keneli.

Msijumlishe safu ya rss. Memori inayoshirikiwa huhesabiwa upya kwa kila mchakato, na wenye hifadhidata ya PostgreSQL mtapata jumla inayozidi memori yote ya mashine, mkimbie kununua nyingine bure.

Mwisho, rekodi hiyo itumeni pia kwenye mashine ya pili. Seva iliyoganda sana haiandiki, kwa hiyo mtakuta pengo la dakika kadhaa. Pengo hilo nalo ni dalili. Rudini kwenye dakika ya mwisho iliyoandikwa kabla yake, muanze kusoma hapo.

Haya, fungueni kompyuta zenu.