Kwa nini Jumamosi zangu naishia kwenye moli za Nairobi

Hamjambo wapendwa wangu. Na shikamoo mama, najua unatazama hapo Tanga, simu umeiegemeza kwenye chupa ya chai kama kawaida.

Leo nipo Westlands, nje ya Sarit Centre, bado asubuhi na watu hawajajaa. Mnaniuliza sana Jumamosi huwa napotelea wapi. Ni huku. Nina daftari, nina simu, na nazunguka moli zote za Nairobi zilizofunikwa, moja baada ya nyingine. Naandika ghorofa ngapi, ngazi za umeme zimekaa upande gani, fremu ipi ina nani, ipi imefungwa, mwanga unaingilia wapi. Village Market ya Gigiri ipo tangu 1995 na naipenda mno, lakini imejengwa wazi, upepo unapita, kwa hiyo haimo. Nataka zile ambazo ukiingia mlangoni maduka yote yanatazamana ndani na jua umeliacha nje.

Sarit ndiyo bibi yao. Ilifunguliwa 1983. Mlimani City yetu ya Dar imefunguliwa 2006, hesabuni wenyewe hiyo tofauti. Kuna watu hapa walionunuliwa sare za shule ndani ya jengo hili na leo wanawaleta watoto wao Text Book Centre kununua madaftari. Mwaka 2019 wakafungua sehemu mpya, kubwa, inang'aa. Mimi bado nakwenda upande wa zamani kwanza.

Jambo moja lilinisumbua nilipoanza. Moli ya kwanza kabisa ya namna hii, Southdale, ilijengwa Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka 1956, na mchoraji wake Victor Gruen aliifunika kwa sababu ya hali ya hewa, maana baridi ya kule si ya mchezo. Sasa Nairobi, mji uliokaa mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, hakuna theluji, hakuna joto la Tanga, kwa nini ujifungie ndani? Jibu nimelipata kwa kukaa na kutazama. Watu wanakuja kuegesha gari pahali salama, kumwachia mtoto akimbie bila kuogopa bodaboda. Paa linafunika utulivu.

Na utulivu huo uliwahi kuvunjwa. Kutoka hapa hadi moli ya Westgate ni mwendo mfupi wa miguu. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia pale, na watu 67 wakauawa. Jengo lilifunguliwa tena Julai 2015. Nilipokwenda sikupiga picha siku ile. Nilikunywa chai, nikaangalia kina mama na mikoba yao, nikaondoka. Mkija Nairobi, mkaguliwe mifuko mlangoni na gari lipitishiwe kioo chini, msinung'unike. Mpeni mlinzi salamu.

Kinachonifanya nirudi kila wiki, lakini, ni supamaketi. Moli ina supamaketi moja kubwa inayovuta watu, na maduka madogo yanaishi kwa miguu ya wateja wake. Kwa miaka mingi hapa hiyo ilikuwa Nakumatt, yenye nembo ya tembo. Jina lenyewe limetokana na Nakuru Mattresses, walianza na magodoro. Watu wa Dar mnaikumbuka, ilikuja Mlimani City 2014 ilipochukua maduka ya Shoprite. Madeni yakaizidi, rafu zikawa tupu, na Januari 2020 ikavunjwa rasmi. Supamaketi nyingine, Carrefour, iliyoanzia moli ya The Hub kule Karen mwaka 2016, ikachukua nafasi zake kadhaa, ile ya TRM, yaani Thika Road Mall, ikiwemo.

Tembo wale walikuwa kila mahali, na walipokwenda hakuna aliyeketi kuandika walikaa wapi. Kwenye moli moja nilikuta ukuta una matundu ya boliti na kivuli cha herufi, rangi ya pembeni imepauka, pale katikati bado mbichi. Niliupiga picha. Wiki tatu baadaye wameshapaka rangi. Jamani, niliumia, na hapo hapo nikashukuru kwamba nilikuwa nimepita.

Kwingine mlinzi alinifutisha picha 40, nimesimama mbele yake. Tangu hapo naanzia ofisini, naomba ruhusa, naeleza. Wengi wananikubalia, na mafundi wa lifti ndio wanaonipa habari nzuri kuliko wote.

Kwa hiyo wewe uliyewahi kuishi Nairobi: kama una picha ya harusi, ya Idi, ya mtoto analamba aiskrimu, na nyuma yake duka linaonekana, nitumie. Niandikie ni mwaka gani na ghorofa ya ngapi. Na Desemba nikija nyumbani, daftari nakuja nalo, naanzia Mlimani City.

Haya, wamefungua mlango. Twendeni upande wa zamani.