Marehemu Mwenye Majina Matatu: Mazungumzo juu ya Makaburi ya Kanisa Kijijini, Masasi

Shikamooni wazee. Na ninyi vijana mlioletwa na mama zenu bila kuulizwa, karibuni.

Tangu mliposikia habari za lile daftari la maziko lililo kabatini kwa padri, mnadhani nikilifungua tu kila mtu atampata babu yake. Haiwi hivyo.

Daftari la Kianglikana linaandika jina, makazi, tarehe ya kuzikwa, umri na aliyeongoza ibada. Ya kuzikwa, jamani, si ya kufa. Tena, kwa utaratibu wa kitabu cha sala cha zamani, asiyebatizwa hakusomewa ibada ile. Kwa hiyo kichanga aliyekufa mapema, au bibi aliyekuwa bado anajifunza katekisimu, msimtafute humo hata kama kaburi lake mnaliona kwa macho.

Umri ulikisiwa. Hilo tuliache.

Lenye kunisumbua ni jina. Kwetu sisi, Wamakua, Wayao na Wamakonde, mtoto huzaliwa na jina, akitoka jandoni au unyagoni hupewa jingine, na ukimwita kwa lile la utotoni unatafuta ugomvi. Kisha linakuja la ubatizo. Mmisionari aliandika hilo la tatu, ambalo nyumbani huenda halikutamkwa kabisa. Mimi nilimtafuta bibi mzaa mama wiki nzima humo. Nilikuwa nimempita mara nne.

Na walioanza hapa Masasi hata koo zao ni kazi kuzifuata. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Walikuwa wakielekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa. Mtu aliyeuzwa akiwa mdogo alikuwa na jina la ubatizo, na kwao alishapasahau au hakupajua. Miaka sita baadaye, 1882, Magwangwara, yaani Wangoni, walivamia, wakachoma kijiji na kuteka watu. Wengine wakahamia Newala. Ndugu wawili wakawa na makaburi katika misheni mbili.

Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi hii tangu 1926, alilileta jando chini ya kanisa. Ungetegemea majina ya jandoni yaingie kitabuni. Katika daftari letu hayakuingia, na sikufichi, yananiuma.

Misalaba ya mti imeliwa na mchwa. Imebaki mikorosho na vilima vya udongo juu ya makaburi. Hapo tahadhari: Mkristo kwa desturi hulazwa kichwa magharibi, miguu mashariki. Mwislamu wa huku anaelekezwa kibla, yaani kaskazini, kwa ubavu wa kulia, kichwa kikawa mashariki. Makaburi yote mawili yanalala mstari mmoja! Msiangalie kilima mkasema huyu wetu, yule wao. Familia zetu zenyewe zimechanganyika, nani hana shangazi Mwislamu hapa?

Basi tutaandika daftari la pili, lenye nafasi ya majina yote matatu: la utoto, la jandoni au unyagoni, la ubatizo. Lile la zamani tusiliguse, hata kalamu ya risasi marufuku. Jina la utoto tutamwuliza mwenye ukoo kwanza kama anaruhusu liandikwe, maana wengine hawataki, na ni haki yao.

Jumamosi saa moja asubuhi tunaanzia safu ya mkorosho mkubwa. Jembe acheni nyumbani. Njooni na bibi zenu, na kiti cha kuwakalisha.