Mama, hii ndiyo Notre-Dame uliyoililia

Jambo wandugu wa Bukavu! Jambo Kadutu, jambo Bagira, na wewe Mama, najua uko hapo, mdogo wangu anakushikia simu. Leo nimeshinda na kamera kando ya mto Seine, hapa Paris.

Nimeanzia Notre-Dame kwa sababu yako. Tarehe 15 Aprili 2019, kanisa hili lilipowaka moto, ulinipigia ukilia kama vile ni Notre-Dame de la Paix yetu inayoungua. Ule mnara mwembamba ulianguka jioni ile ile. Tazama sasa, wameusimamisha tena, na tangu Desemba 2024 watu wanasali ndani. Mawe yameoshwa, meupe kabisa. Nimekuwashia mshumaa, Mama. Foto yake imetoka na ukungu kidogo, lakini nitakutumia hivyo hivyo.

Hatua chache tu, uko Pont Neuf. Maana yake Daraja Jipya, na ndilo la zamani kuliko yote yaliyobaki hapa: walianza kulijenga 1578, likaisha 1607. Zamani zile madaraja ya Paris yalijengewa nyumba juu, unavuka mto bila kuona maji. Hili ndilo la kwanza kuachwa wazi. Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza kwetu. Unashuka mtaa wa Muhumba, Ziwa Kivu liko pale pale, lakini macho yanagonga kuta za parseli, viwanja vya watu. Ziwa zuri vile! Mtoto wa Kadutu anaweza kukua bila kukaa ukingoni hata Jumapili moja. Inaniuma sana.

Madaraja mengine nimepita haraka, mtayaona kwenye foto. Ila huyu wa Pont de l'Alma, mwangalieni vizuri: askari wa jiwe, wanamwita Zouave. Mto ukijaa, watu wa Paris wanapima kwake. Maji yakimfika miguuni, wanajua hali imeanza kuwa mbaya. Mwaka 1910 yalimfika mabegani.

Hapo ndipo mto wetu Ruzizi ulinirudia, pale unapotoka ziwani. Nimevuka daraja lake mara ngapi na wewe, Mama, tukienda Cyangugu, upande wa Rwanda, mkono mmoja umenishika, mwingine umebana karata ya kuvukia mpaka kwenye kitenge? Na sina foto ya daraja hilo hata moja, maana mpakani si mahali pa kutoa kamera. Nina madaraja ya watu simu nzima, letu liko kichwani tu. Kama kuna mzee nyumbani kwenu mwenye foto za zamani, za ziwa, za mto, za mji, tafadhali ipigeni kwa simu mnitumie. Hata kama imepasuka pembeni.

Nimefika Mnara wa Eiffel sasa, mita 330, umesimama hapa tangu 1889. Usiku kila saa ikitimia unametameta dakika tano. Mama, usikate simu. Imetimia, nakugeuzia kamera.