Shaka ya Mwandishi Ipewe Kazi

Habari za mchana, ndugu zangu. Mwenyekiti amenimwagia sifa nyingi, lakini mimi ni mhariri tu, na kazi yangu kubwa ni kusoma miswada ya watu ambao hawajawahi kutoa kitabu. Zamani miswada hiyo ilikuja na barua, siku hizi inakuja na ujumbe wa WhatsApp, na karibu kila ujumbe una maneno haya au ndugu yake: "Samahani mhariri, najua si kizuri." Mtu hajasomwa bado, ameshajihukumu na kifungo amejipangia.

Nimeombwa nizungumzie shaka hiyo. Najua wengine mmekuja mpewe moyo. Sitawapa sana, kwa sababu moyo wa kupewa huisha kabla mtu hajashuka daladala. Nataka tuone shaka inavyoweza kufanyishwa kazi.

Mwaka 1956 Chinua Achebe alikuwa kijana mtumishi wa redio nchini Nigeria, akapelekwa London kwa mafunzo ya BBC. Alikwenda na mswada wa riwaya yake ya kwanza. Mmoja wa wakufunzi wake, Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mwandishi wa riwaya, akausoma, akaupenda, akataka kuufikisha kwa wachapishaji. Achebe akasema hapana, bado una kazi.

Hebu tuulize ni shaka gani ile, maana mtu mwingine angeitwa mwoga. Mswada wake ulikuwa umebeba vizazi vitatu vya familia moja, naye aliona kwamba kwa mzigo huo hadithi imekuwa nyembamba. Basi. Hakusema "mimi si mwandishi". Aliporudi nyumbani alikata vizazi viwili, akabaki na yule wa mwanzo, akamnenepesha. Sehemu ya mjukuu hakuitupa. Ndiyo iliyozaa riwaya yake ya pili, iliyotoka 1960. Ile ya kwanza ilitoka 1958, na sisi huku tumeisoma kwa jina la *Shujaa Okonkwo*.

Kati ya kukata na kutoka kuna kituko ambacho kila mwandishi mpya anapaswa kukijua. Achebe aliutuma mswada ulioandikwa kwa mkono, nakala moja tu aliyokuwa nayo, kwa ofisi ya wapiga taipu London. Wakapokea fedha, wakakaa kimya miezi mingi. Ilibidi bosi wake wa redioni, Angela Beattie, alipokwenda likizo Uingereza, aingie ofisini mwao na kudai kazi ya watu. Achebe mwenyewe alikuja kusema kwamba mswada ule ungepotea, angevunjika moyo kiasi cha pengine kuacha kabisa. Mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumkatalia Phelps alikuwa karibu kushindwa na ukimya. Ninyi mnaosubiri majibu ya wachapishaji mnanielewa.

Sasa turudi kwenye hoja. Ukimwambia fundi "gari langu halifai", atakutazama tu. Ukimwambia "likipanda mlima linakosa nguvu", anafungua boneti. Shaka inayosema "siwezi kuandika" haina pa kushikwa. Ibane. Iulize: ukurasa gani? Mhusika gani? Ikijibu kwamba mama katika sura ya nne anatoweka bila sababu, umepata kazi ya jioni nzima, tena kazi inayofanyika. Ikishindwa kutaja ukurasa, iache ikae pembeni, wewe endelea kuandika.

Na endelea mbele, si nyuma. Miswada mingi ninayoletewa ina sura ya kwanza inayong'aa na sura ya tano isiyokuwepo. Mwandishi kila akiketi anarudi mwanzo kupiga pasi, kwa sababu mwanzo tayari anaufahamu na mbele kuna giza. Andika kwa herufi kubwa HAPA PANA SHIDA, kisha vuka. Shida nyingi za sura ya pili huonekana vizuri ukishafika ya kumi.

Ipo shaka nyingine ambayo ni yetu hasa: "Kiswahili changu si cha Pwani." Nimeisikia kutoka kwa watu wa Bukoba, wa Kisii, wa Bujumbura. Huwa nawatajia Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe, kisiwani kwenye Ziwa Victoria, mbali na Lamu na Unguja, na lugha ya nyumbani ilikuwa Kikerewe. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka 1971, hata vumbi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam halijamtoka miguuni. Ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kilichowaudhi watu hakikuwa ngeli. Walikwazwa na yale aliyothubutu kuyasema juu ya maisha ya msichana. Baadaye kitabu hichohicho kikasomeshwa mashuleni. Alipotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani mwaka 1974, wakaja wengine kusema hayo si mashairi kabisa. Yaani mambo ambayo ninyi mnayaogopa usiku yalimkuta kweli, mchana, hadharani, naye akaendelea kuandika.

Ngeli tutazirekebisha sisi wahariri, ndiyo kazi tunayolipwa. (Na watu wa Pwani nao hukosea, mniwie radhi mliotoka Unguja.) Jambo ambalo mhariri hawezi kulirekebisha ni kitabu kilichobaki kichwani.

Nani asome kwanza? Si mchumba, atakusifu. Si kundi zima la WhatsApp, watakuchanganya. Tafuta mtu mmoja anayejua kusoma kuliko anavyokupenda. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi pale Makerere, mwanafunzi mmoja Mkenya alimpa Achebe mswada wake autazame. Ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya ile ilichapishwa 1964, ya kwanza kwake kutoka, ingawa alikuwa ameshaandika nyingine kabla yake, ambayo ilichapishwa 1965. Kwa hiyo kama mswada wako wa kwanza umegoma, uweke ndani, anza mwingine.

Nimeambiwa muda wangu unakwisha. Nitachukua maswali, na mlioniletea miswada mtaniona mezani baada ya chai. Nitapokea nakala tu. Aliyekuja na daftari pekee alilonalo, duka la fotokopi lipo hapo ng'ambo ya barabara, akimbie kabla halijafungwa. Haya, dada wa nyuma pale, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Kezilahabi. Karibu.