Mwanamke kuoa mwanamke kwa Waigbo: kesi yenyewe ni shamba

Haya jamani, kabla hamjaanza kuguna huko nyuma, niseme mapema: hapa hatuongelei mapenzi. Kwa Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, mwanamke anaweza kumtolea msichana mahari akawa "mume" wake kimila, msichana anazaa na mwanaume aliyechaguliwa au anayempenda mwenyewe, na watoto wanahesabiwa wa huyo aliyetoa mahari au wa mume wake, hata kama alishakufa. Aliyezalisha hana chake hapo, hata watoto wafanane naye vipi.

Nani alikuwa anafanya hivi? Mara nyingi ni mama asiye na mtoto, au mwenye mabinti watupu, maana ardhi ilikuwa inaenda kwa wa kiume, sasa mume akifa huna wa kiume mashemeji hao mlangoni, wanataka shamba, wanataka na nyumba. Ila na matajiri walikuwepo. Mcheki Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike, alitoroka kwao akiwa binti mdogo, akarudi mtu mzima ana hela na anaelewana na Waingereza, 1918 wakampa uchifu, baadaye akawa mfalme kabisa. Akaoa wake, watoto wao wakabeba jina lake. Kilichomponza siyo hao wake, ni siku alipotoa kinyago chake mwenyewe, ile barakoa ya sherehe za mila, kitu cha wanaume, wazee wakasema hapo umevuka mpaka!

Kwa hiyo mila iliwapa baadhi ya wanawake nguvu kweli, sikatai. Lakini tumuulize na yule bibi harusi jamani. Hela imetoka kwa mwanamke mwenzie, anapika, analima, anazaa, na uamuzi mwingi siyo wake. Mtoto naye shuleni anaulizwa baba yako nani, aseme bibi?

Mahakama zenyewe zimeyumba. 1976, kesi ya Meribe na Egwu, mahakama ya juu kabisa Nigeria ilikubali kwamba mke aliyeletwa na mama tasa ni mke wa mume wa huyo mama, hapo sawa, ila ndoa ya mwanamke na mwanamke yenyewe kama yenyewe ikasema haikubaliki. Wenzetu Kenya 2011, Mahakama Kuu Mombasa, ikampa haki ya urithi mke wa bibi wa Kinandi. Na hapa kwetu Tarime, Wakurya na nyumba ntobhu yao, yaani ndoa ya namna hii hii, mnaijua, sirudii.

Mimi naona dawa ilikuja mlango mwingine. 2014, kesi ya Ukeje, mahakama hiyo hiyo ya juu ikafuta mila ya Kiigbo ya kumnyima binti urithi wa baba yake. Binti akirithi kweli, unamtafutia nini msichana wa watu aje akuzalie wa kiume? Tatizo ni kwamba kijijini wanaogawa shamba bado ni wale wale baba wadogo na mashemeji, na kwenda kortini ni nauli, wakili, miaka.

Haya, maswali. Dada wa kilemba pale anza.