Baba wa mbegu yako ya boga ni nani?

Haya jamani, wa huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo mbolea siigusi kabisa, nataka tuongelee maua, maana kila nikikutana na mtu ananiambia boga langu limetoa maua kibao na sioni hata boga moja, nimekosea wapi? Hujakosea. Yanayotangulia ni madume matupu, majike yanafuata wiki moja au mbili baadaye. Inama uangalie chini ya ua, jike lina kiboga kidogo kama gololi, dume lina kikonyo chembamba basi.

Sasa nyuki hachagui. Anatoka kwenye zukini za jirani, vile viboga virefu kama tango, kajipaka chavua anaingia kwenye boga lako, na boga litakua vizuri tu, ladha ileile, maana nyama ya boga ni ya mama. Kilichochanganyika ni mbegu, na hutajua mpaka uzipande. Mi yalinikuta, nilitunza mbegu za boga langu tamu kweli nikasahau pembeni kulikuwa na vile viboga vya mapambo, msimu uliofuata nikavuna nikapika, kijiko cha kwanza nikatema. (Uchungu ule ni kukurbitasini, ni sumu na moto hauuondoi, kwa hiyo boga chungu usilionee huruma, tupa.)

Ila si kila boga linazaa na kila boga. Zukini na viboga vingi vya mapambo ni jamii ya Cucurbita pepo, butanati ni jamii ya moschata, yale majitu makubwa ya mashindano ni maxima. Jamii tofauti ni nadra kuchanganyika, jamii moja ndo hapo hamna usalama.

Kwa hiyo mshenga uwe wewe. Jioni tafuta maua ya kesho, yameanza kuwa njano nchani ila bado yamejifumba, yabane kwa kibanio cha nguo, dume na jike. Hili hapa nimelibana jana jioni, mnaliona? Uwahi asubuhi, maana ua la boga linafunguka asubuhi moja tu na likisinyaa ndo basi. Dume nalinyofoa petali zote, kinabaki kijiti chenye unga wa njano, nafungua jike taratibu, napaka... hivi, kotekote, napenda madume mawili au matatu kwa jike moja. Nalibana tena, nyuki asije akaongeza ya kwake. Halafu uzi mwekundu kwenye kikonyo, maana miezi miwili baadaye utabaki unabishana na mwenzio ni lipi.

Eh mama, umeuliza livunwe lini? Kandamiza kucha kwenye ganda, ikigoma kuingia limekomaa, kata ukiliachia kikonyo na usilibebee hapo, kikinyofoka linaanza kuoza. Ukitaka mbegu usilipasue siku hiyohiyo, liache wiki tatu au zaidi mbegu zizidi kujaa. Haya, dume lingine hili, nani anakuja kujaribu?